Sabrina Simader, Mkenya wa Skii

Sabrina Simader alizaliwa Kilifi, pwani ya Kenya, mwezi wa Aprili 1998. Miezi miwili kabla, huko Nagano, Japani, Philip Boit alikuwa amekuwa Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi. Boit alishindana katika skii ya masafa, mbio za kuteleza kwenye theluji katika tambarare na vilima, akamaliza wa mwisho. Skii ya milimani, ile ya kuteremka kwa kasi, ilibaki bila Mkenya katika Olimpiki hiyo kwa miaka 20 zaidi.

Sabrina alipokuwa na miaka 3, mama yake alihamia naye Austria, na huko baba yake wa kambo akamwanzisha katika skii. Austria ina mabingwa wengi mno, na kupata nafasi katika timu yake ni kazi ngumu. Sabrina alichagua bendera ya Kenya. Mwaka 2016 alishiriki Olimpiki ya Vijana huko Lillehammer, Norwe, na Januari 2017 akashuka katika Kombe la Dunia huko Cortina d'Ampezzo, Italia.

Shindano lake kuu lilikuwa super-G, nalo lina ukatili wake. Mchezaji huvaa viatu vigumu vilivyofungwa kwenye vibao vya skii, kisha huteremka akipita kati ya milingoti iliyopangwa mlimani. Kasi huzidi kilomita 100 kwa saa. Hakuna mshuko wa mazoezi: asubuhi washindani huruhusiwa kuikagua njia polepole na kuikariri, kisha kila mmoja hushuka mara moja tu. Anayekosa kupita kati ya milingoti hiyo hata mara moja hana matokeo.

Februari 2018, huko Pyeongchang, Korea Kusini, Simader akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi. Katika slalomu kubwa, shindano jingine la kuteremka, hakumaliza. Siku mbili baadaye, tarehe 17, alimaliza super-G akiwa wa 38. Mshindi, Ester Ledecká wa Ucheki, alimtangulia Anna Veith wa Austria kwa sehemu moja tu ya mia ya sekunde.

Ni rahisi kuicheka nafasi hiyo ya 38. Anayeicheka hajaielewa. Mchezo huu unataka mlima wenye theluji, lifti, kocha, jozi kadhaa za skii na safari zisizokwisha, na nchi zenye nguvu hulipia hayo yote. Simader hakuwa na shirikisho tajiri nyuma yake. Tena sehemu kubwa ya Afrika haina theluji: hata baridi ya Juni na Julai wanayoijua watu wa Kolwezi, nchini Kongo, haiileti. Katika Kongo nzima, theluji ya kudumu iko kwenye vilele vya milima ya Ruwenzori tu, ambako kilele cha Margherita kina mita 5,109, na barafu yake inazidi kupungua. Mwafrika wa skii, basi, mara nyingi hukulia ugenini.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa pia kwa Waafrika wenzake wawili wa Pyeongchang. Mialitiana Clerc, mzaliwa wa Madagaska, alikulia Ufaransa. Shannon Abeda wa Eritrea alikulia Kanada. Wote wawili walirudi kwenye Olimpiki ya majira ya baridi huko Beijing mwaka 2022, ambako Afrika iliwakilishwa na nchi 5 tu: Eritrea, Ghana, Madagaska, Moroko na Nijeria. Kenya haikupeleka mchezaji.