Nyuzi za mimea katika ukingaji wa sumakuumeme

Kompositi ya nyuzi za mimea kwa ukingaji wa sumakuumeme ni kitu kinachotengenezwa kwa kuunganisha nyuzi kama usumba, katani au pamba na gundi ya plastiki au mpira, pamoja na kaboni au metali inayopitisha umeme, ili kuzuia mawimbi ya redio yasipite. Vizuizi vya aina hii vinahitajika katika vyombo vya elektroniki, kwa sababu kila saketi hutoa mawimbi yanayoweza kuvuruga saketi iliyo jirani. Katika kisiwa cha Unguja nyuzi zilizo karibu zaidi ni usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi.

Namna kizuizi kinavyofanya kazi

Wimbi la sumakuumeme likigonga ukuta, sehemu yake huakisiwa, sehemu hufyonzwa na kugeuka joto, na inayobaki hupita upande wa pili. Uwezo wa kizuizi hupimwa kwa desibeli. Kizuizi cha desibeli 10 hupitisha sehemu moja ya kumi ya nguvu ya wimbi, cha desibeli 20 sehemu moja ya mia, na cha desibeli 30 sehemu moja ya elfu.

Metali hukinga vizuri kwa kuwa elektroni zake husogea kwa urahisi na kulirudisha wimbi. Mwingereza Michael Faraday alionyesha mwaka 1836 kwamba ndani ya chumba kilichofunikwa kwa metali, umeme wa nje hauonekani. Karatasi nyembamba ya alumini ya jikoni inatosha kuzuia mawimbi ya simu, mradi isiwe na mianya mirefu. Kasoro ya metali ni uzito, kutu, na tabia yake ya kuakisi. Wimbi linaloakisiwa ndani ya kisanduku hurudi kuisumbua saketi ileile iliyolitoa. Hapo ndipo panapohitajika kitu kinachofyonza badala ya kuakisi.

Nyuzi peke yake hazikingi

Jambo hili hukosewa mara nyingi. Selulosi na lignini, ambazo ndizo zinazojenga nyuzi za mimea, hazipitishi umeme, kwa hiyo wimbi huzipita karibu kama lilivyo. Ushahidi wake uko wazi katika Unguja yenyewe. Aliyekaa chini ya paa la makuti huko Jambiani huzungumza kwa simu bila shida, ilhali katika vyumba vya chini vya nyumba za Mji Mkongwe, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, mawasiliano hudhoofika. Unyevu ukiingia ukutani, hudhoofika zaidi. Kwa sababu hiyohiyo, kitambaa cha pamba au mkeka wa kawaida unaosifiwa kuwa "unazuia mionzi ya simu" hauzuii kitu, isipokuwa umefumwa pamoja na nyuzi za metali au umepakwa kaboni. Hata ukizuia kweli, simu iliyofunikwa nusu huongeza nguvu ya kurusha mawimbi ili iufikie mnara.

Kinachofanya nyuzi ziwe na thamani ni umbo lake. Chembe za kaboni zikichanganywa katika plastiki zikiwa chache, kila moja hubaki peke yake na umeme haupati njia. Zikifika kiwango fulani hugusana, na umeme hupita ghafla, kama habari inavyopita kwa watu walioshikana mikono kutoka mwanzo hadi mwisho wa uwanja. Uzi mrefu hugusana na wenzake kwa urahisi kuliko chembe ya mviringo. Kwa hiyo nyuzi zilizopakwa kaboni hufikia kiwango hicho kwa kaboni kidogo zaidi. Mkeka uliojaa matundu pia hulifanya wimbi ligonge huku na huku ndani yake, likipungua kila linapogonga.

Wazo hili si geni. Mapema katika miaka ya 1950 huko Marekani, kuta za vyumba vya kupimia antena zilifunikwa kwa mikeka ya manyoya ya wanyama yaliyolowekwa katika kaboni. Aliyewahi kuona godoro la usumba likiwa limepasuka ataelewa jinsi mkeka ule ulivyokuwa. Baadaye sponji ya plastiki ilichukua nafasi ya manyoya. Watafiti wa Malaysia wamejaribu maganda ya mpunga na vifuu vya nazi kwa kazi hiyohiyo.

Usumba wa Unguja

Katika vijiji vya pwani ya mashariki kama Paje, Bwejuu na Jambiani, kazi ya usumba ni ya wanawake. Nazi ikishafuliwa kwa kifuo, makumbi hufukiwa ufukweni katika mashimo ambayo bahari huyafunika wakati wa kujaa, na kuwekewa mawe juu yasichukuliwe na maji. Huachwa kwa miezi kadhaa mpaka nyama inayoshikilia nyuzi ioze. Kisha hufukuliwa, hupondwa kwa gongo, huoshwa, huanikwa na kusokotwa kamba. Kamba hizo ndizo zilizoshona mitepe, majahazi ya kale yasiyo na misumari. Siku hizi kamba ya nailoni imeteka sehemu kubwa ya soko, na tangu mwaka 1989 kilimo cha mwani kimewapa wanawake wa vijiji hivyo kazi nyingine katika ufukwe uleule.

Usumba una lignini nyingi, karibu asilimia 40, kuliko katani, ambayo ina takriban asilimia 10. Lignini ndiyo inayoacha kaboni nyingi uzi unapochomwa bila hewa. Lakini moto wowote hautoshi. Makaa ya kawaida ya kupikia hupitisha umeme vibaya sana, na mwanafunzi anaweza kulihakikisha hilo kwa kipimia cha fundi umeme: aguse kwanza kipande cha makaa, kisha risasi ya penseli. Upitishaji huanza kuwa wa maana nyuzijoto zikipita 600 za selsiasi, na huongezeka sana karibu na 900. Tanuu la chokaa hufikia joto la namna hiyo, ila huwaka penye hewa wazi, na usumba ukitiwa humo utakuwa majivu. Unahitajika mtungi uliofungwa.

Njia ya pili ni kuacha uzi ulivyo na kuupaka unga wa grafiti, tabaka la metali, au polima inayopitisha umeme kama polianilini. Haihitaji moto mkali, lakini vifaa vyake hununuliwa kutoka nje, na hapa ndipo penye swali la kipato. Sehemu kubwa ya bei ya kompositi hutokana na kaboni au metali na kazi ya maabara, wala si uzi. Anayeuza usumba mbichi hupata bei ya usumba mbichi, hata kama mnunuzi anautia katika chombo cha bei ghali. Nafasi ya vijiji itabadilika ikiwa tu uchomaji au upakaji utafanyika karibu na ufukwe.

Kuna pia tatizo la maji. Usumba uliooza baharini hubaki na chumvi, ambayo huvuta unyevu wa hewa na kuozesha waya za metali zilizo karibu. Lazima uoshwe vizuri kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, ambayo pwani ya mashariki ni haba. Baada ya hapo uzi hutibiwa kwa sodiamu hidroksidi, ile ya kutengenezea sabuni, ili uishike gundi, na bado usipofunikwa vizuri utaendelea kunywa unyevu wakati wa masika. Kipimo cha desibeli kilichochukuliwa katika maabara kavu hakitoshi kueleza jinsi kompositi itakavyofanya kazi Unguja. Ni lazima ipimwe tena baada ya kukaa miezi katika hewa ya bahari.