Maua Yatangulie Msingi: Bustani na Ujenzi Katika Milima ya Usambara

Haidrenjia ya buluu inaweza kuanza kuchanua pinki baada tu ya nyumba kupigwa lipu. Lushoto watu wamezoea ile ya buluu, na sababu iko chini ya miguu yao: udongo mwekundu wa milimani, uliooshwa na mvua kwa karne nyingi, una uchachu mwingi. Pale pH inapokuwa chini ya 5.5 hivi, madini ya aluminiamu huyeyuka, mizizi huyanyonya, na rangi ya ua ambayo bila hayo ingekuwa pinki hugeuka buluu. Saruji na chokaa hufanya kinyume. Hupunguza uchachu, aluminiamu hushikwa na udongo, mizizi haipati kitu. Ndiyo maana shina lililo hatua moja kutoka ukutani linaweza kuwa pinki huku jingine, lililotoka kwenye kipandikizi cha mama yule yule, likiendelea na buluu yake karibu na lango. Haidrenjia nyeupe haisemi lolote, hiyo haibadiliki.

Kubadilika rangi ni hasara ndogo, na wapo wanaofurahia kupata pinki bila kununua mche. Mambo mazito hayaonekani kwa macho. Nyumba ikijengwa au kuongezwa chumba, udongo hushindiliwa, maji hubadili njia na kivuli huhamia mahali pengine, yote ndani ya miezi michache. Kwenye kiwanja cha tambarare bustani huweza kuvumilia. Usambara, ambako uwanja wa nyumba mara nyingi hupatikana kwa kuchonga mteremko, bustani isiyowekwa kwenye ramani kabla ya msingi kuchimbwa huwa imekwishauzwa kwa kifusi.

Kalenda ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Mji wa Lushoto uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na anayepanda kutoka Mombo kupitia Soni huhisi baridi ikimpokea kona baada ya kona. Masika huanza Machi na kuishia Mei. Kisha huja kipupwe, Juni hadi Agosti, chenye ukungu wa asubuhi na usiku wa kuotea moto. Vuli hunyesha kuanzia Oktoba au Novemba hadi Desemba, halafu jua la Januari na Februari. Lakini milima hii haina hali ya hewa moja. Amani, upande wa mashariki, hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mji wa Lushoto hupata zaidi kidogo ya nusu ya hizo, na upande unaotazama nyika ya Mkomazi hupata pungufu zaidi. Ushauri wa bustani unaotolewa Amani unaweza kuua maua Mtae, upande huo wa nyika. Hata bogenvilia, inayowaka moto kule Mombo na Korogwe, ikipandishwa hadi Magamba hujikunyata na kutoa majani mengi kuliko maua.

Mafundi nao wana kalenda yao. Wengi hupenda kuchimba msingi mwezi Juni, masika yakishapita, ili boma lisimame na kupauliwa kabla ya vuli. Kwa saruji na matofali, huo ni uamuzi wa busara. Kwa maua, maana yake ni kwamba kazi ya kuyaokoa inapaswa kuanza Aprili, wakati hakuna hata mtu aliyeleta lori la mawe.

Aprili ni mwezi mzuri wa vipandikizi. Haidrenjia, jeranium, fuksia na mawaridi mengi hushika kwa kijiti chenye vifundo vitatu au vinne kilichochomekwa kwenye kiroba cha mchanga na mboji, kivulini, huku hewa ikiwa na unyevu wa kutosha. Shina mama likikanyagwa na toroli, watoto wapo. Vichaka vikubwa visivyofaa kuachwa vinahitaji subira kidogo: mwanzoni mwa Mei mwenye bustani huzungusha sepetu kuzunguka shina, akikata mizizi katika duara la kama futi moja na nusu kutoka kwenye shina, kisha anauacha mmea palepale. Ndani ya wiki chache mizizi midogo mipya huota karibu na shina. Mmea ukija kung'olewa mwishoni mwa Mei, hutoka na bonge la udongo lililoshikwa na mizizi hai, tofauti na ule uliong'olewa asubuhi moja kwa sababu fundi amefika na kamba za kupimia. Dalia ni rahisi zaidi. Majani yake yakikauka baada ya masika, viazi vyake hufukuliwa, hukaushwa kivulini na kuhifadhiwa katika pumba za mbao hadi vuli.

Halafu kuna udongo wenyewe, na hapa ndipo hasara kubwa hutokea bila mtu kulalamika. Tabaka la juu, lenye weusi kidogo, mara nyingi halizidi sentimita 20 au 30. Ndimo ilimo mboji, minyoo na vijidudu vyema vinavyolisha mizizi. Chini yake kuna udongo mwekundu mzito, mzuri kwa tofali, maskini kwa ua. Msingi unapochimbwa bila mpango, udongo wa chini humwagwa juu ya ule mzuri, kisha kiwanja husawazishwa na kila mtu akaridhika kwa kuwa kinaonekana safi. Mwaka unaofuata mwenye nyumba anashangaa mbona mawaridi yamedumaa ilhali samadi ameweka.

Dawa yake ni kazi ya siku moja au mbili kwa vibarua wawili: kukwangua tabaka la juu kwanza, kulirundika pembeni, na kulifunika kwa majani makavu au turubai ili mvua isiliondoe. Rundo lisizidi urefu wa mita moja na kidogo, maana likirundikwa sana, sehemu ya ndani hukosa hewa na viumbe vyake hufa. Nyumba ikiisha, udongo huo hurudishwa juu. Hakuna mbolea ya dukani inayofanya kazi hiyo kwa bei hiyo.

Usambara ina historia ndefu ya ugomvi kuhusu udongo wa mteremko. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwalazimisha wakulima wa bonde la Mlalo kuchimba matuta ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, amri ilitoka juu, na Washambaa waliipinga hadi mpango ukavunjika. Miongo kadhaa baadaye, mradi wa kuhifadhi udongo na kilimo mseto uliojulikana kama SECAP, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Ujerumani, ulikuja na njia nyingine: mistari ya majani ya Guatemala pamoja na miti, iliyopandwa kufuata kontua. Majani hayo hushika udongo na pia hulishwa ng'ombe wa zizini, na bado yanaonekana kwenye kingo za mashamba mengi ya wilaya ya Lushoto.

Bustani ya maua haina sababu ya kujidai kwamba hayo hayaihusu. Ukingo uliochongwa nyuma ya nyumba ni jeraha la mlima, na masika ya kwanza ndiyo hulijaribu. Kuupaka saruji wote huonekana imara, lakini maji yaliyonaswa nyuma ya zege yasipopata matundu ya kutokea huisukuma hadi ikapasuka. Ukingo mfupi hushikwa vizuri zaidi na ngazi mbili tatu zilizojengwa kwa mawe makavu, majani ya Guatemala juu kabisa, na agapanthasi chini yake. Agapanthasi ina mizizi minene inayoshikana kama mkeka, na haiogopi baridi. Ukingo mrefu, ule unaompita mtu kimo, si kazi ya maua tena. Kwa huo aitwe mhandisi.

Paa nalo huleta mafuriko madogo ambayo watu huyatengeneza wenyewe. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati lenye mita za mraba 100, katika mvua ya milimita 30, hushusha lita 3,000. Kama hakuna gata, maji yote hayo yanadondoka kwenye mstari mmoja wa ardhi, palepale ambapo watu wengi hupenda kupanda mawaridi ya kupamba ukuta. Udongo huruka, hupaka lipu matope mekundu, na vimelea vya ukungu vilivyomo hurukia majani ya chini. Gata na tangi viwekwe mara tu nyumba inapopauliwa, si baada ya kupaka rangi. Maji hayo ndiyo yatakayohitajika Februari, na Lushoto Februari huweza kuwa kali kuliko wageni wanavyodhani. Kinyume chake kipo pia: ukanda ulio ndani ya upenu haupati mvua kabisa, hata katikati ya masika. Mmea uliopandwa hapo hunyauka huku mwenye nyumba akiilaumu mbegu.

Kuhusu zege, mwenye bustani na fundi wakubaliane mambo mawili tu siku ya kwanza. La kwanza ni mahali pa kuchanganyia. Maji yaliyooshea karai na sepetu za saruji yana pH inayopita 12, kali ya kutosha kuunguza ngozi ya mikono, seuze mizizi. Sehemu moja ichaguliwe, itakayokuja kuwa njia au maegesho, na maji yote ya kuoshea vyombo yamwagwe hapo. La pili ni njia ya toroli. Vibarua wakipita popote, uwanja mzima hushindiliwa kama sakafu. Wakipewa njia moja iliyotandikwa mbao, ni ukanda mmoja tu utakaohitaji kulimwa kwa jembe la meno baadaye. Rangi na tina navyo vina madhara yake, ila mara nyingi hutosha kumkabidhi fundi ndoo ya mabaki yake.

Kwa waliokwisha kuchelewa, na haidrenjia zao zimegeuka, suluhisho ni kufukua vipande vya lipu na saruji kuzunguka shina, kisha kuongeza mboji. Salfa ya unga husaidia kurudisha uchachu, polepole, kwa miezi. Wengi husifu majani ya misonobari yanayookotwa kwenye mashamba ya miti ya Shume kwamba hufanya udongo kuwa mchachu. Ni matandazo mazuri sana, yanazuia magugu na hayaozi haraka, lakini uwezo wake wa kubadili pH ni mdogo mno kulinganisha na sifa zake.

Jambo moja la Lushoto halipatikani katika vitabu vya bustani vya Ulaya. Kuanzia mwaka 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 wilaya hii ilisumbuliwa na milipuko ya tauni, ugonjwa unaoenezwa na viroboto wa panya. Marundo ya mbao, mabati ya zamani na kifusi vilivyoegeshwa ukutani kwa mwaka mzima ni nyumba za panya. Kifusi kiondolewe, au kitumike mapema kama kitako cha njia. Na rundo la mboji liwe mbali na madirisha ya vyumba vya kulala.

Nyumba ikimalizika Septemba, hamu ya kupanda kila kitu huwa kubwa. Ni afadhali kungoja kidogo. Udongo uliojaziwa huendelea kushuka kwa mvua za kwanza, na ni vuli itakayoonyesha maji yanapita wapi hasa. Msimu huo unatosha kwa maua ya muda, kama marigodi na kosmosi, pamoja na kunde za kurudishia udongo rutuba. Mawaridi yaliyohifadhiwa kwenye viroba hupogolewa mwishoni mwa Agosti, baridi inapoanza kulegea, na hupandwa mvua zikishika. Vichaka vingine vya kudumu vingoje masika. Mawaridi yapandwe kwa nafasi: ukungu wa kipupwe huleta madoa meusi na unga mweupe kwenye mawaridi yaliyobanana, na hewa inayopita katikati ya mashina huzuia mengi kuliko dawa ya kupuliza.

Uchaguzi wa mimea nao una onyo lake. Lantana kamara, iliyoletwa kwa ajili ya uzuri wake, imekuwa gugu sugu nchi nzima. Klidemia, kichaka kutoka Amerika ya kitropiki, leo hutambaa katika misitu ya Usambara Mashariki. Wajerumani walipoanzisha kituo cha utafiti cha Amani mwaka 1902, walijaribu hapo mimea ya kigeni mingi mno, na baadhi yake haikubaki ndani ya mipaka ya bustani.

Ilhali ua mashuhuri kuliko yote ya milima hii lilisafiri upande wa pili. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani, aliliona Usambara na kulipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland wa Hannover akalipa jina la Saintpaulia. Mwaka 2015 wanasayansi walilihamishia katika jenasi ya Streptocarpus, lakini madirishani mwa mamilioni ya nyumba duniani halikuhama. Porini huota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, na makazi hayo yanapungua kila msitu unapokatwa. Lushoto mjini kipupwe ni baridi mno kwake nje. Likae ndani, karibu na dirisha lisilopigwa na jua la mchana, na linyweshwe kwa kuweka chungu chake ndani ya sahani ya maji yasiyo ya baridi, kwa kuwa maji baridi huacha madoa kwenye majani. Siku za kupiga lipu na kusugua kuta lihamishiwe kwa jirani. Majani yake yana vinyweleo vinavyonasa vumbi la saruji, na kuyafuta kwa kitambaa huyachubua. Brashi laini ndiyo inayofaa. Atakayepewa hifadhi kwa wiki hizo anaweza kulipwa kwa jani moja lenye kikonyo chake, ambalo likichomekwa kwenye mchanga wenye unyevu hutoa vichipukizi baada ya wiki kadhaa.