Ruta Ilinde Mlango, Meshi Isambaze Mawimbi

Wi-Fi ikisuasua nyumbani, wengi hukimbilia kununua kifurushi kikubwa zaidi. Bili inapanda, lakini simu ikiwa chumba cha mwisho bado inashika kistari kimoja na video inakwama pale pale. Katika nyumba nyingi kasoro haiko kwenye kifurushi. Iko kwenye kisanduku kimoja kilichobebeshwa kazi mbili zisizofanana, na dawa ya kudumu ni kuzitenganisha: ruta imara ifanye kazi ya ruta, na vifaa vingine, vya meshi, vifanye kazi ya kusambaza mawimbi.

Kazi ya kwanza haionekani. Ruta ndiyo inayokipa kila kifaa cha ndani anwani yake, mara nyingi ile inayoanza na 192.168. Ndiyo inayopeleka nje maombi ya simu, televisheni na kompyuta zote kupitia anwani moja, ikakumbuka jibu lipi ni la nani, na kumfungia mlango asiyealikwa. Kazi hiyo haijali ruta imekaa wapi. Hata stoo panafaa, ilimradi pana hewa. Inachotaka ni prosesa yenye nguvu na mtengenezaji anayeendelea kutoa masasisho ya usalama. Kazi ya pili ni ya redio, nayo inategemea mahali kuliko kitu kingine chochote. Lakini kisanduku cha kampuni hufungwa pale waya wa faiba ulipoingilia, pengine nyuma ya televisheni au kando ya dirisha la mbele. Mahali hapo pamechaguliwa na waya, hapakuchaguliwa kwa kuangalia watu wanalala na kufanyia kazi wapi.

Ujenzi wetu unalikuza tatizo hili. Tofali za saruji, nguzo na slabu za zege lenye nondo hula mawimbi kuliko kuta za mbao na jasi zilizozoeleka Marekani, ambako vifaa vingi hivi hubuniwa. Mawimbi ya masafa ya 5 GHz yana kasi kubwa, ila hudhoofika upesi yakivuka ukuta. Yale ya 2.4 GHz hufika mbali zaidi, lakini yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na katika jengo lenye wapangaji wengi kila jirani anazigombania hizo hizo. Kununua ruta yenye antena nyingi zaidi hakumalizi jambo, kwa sababu mawasiliano ni ya pande mbili: ruta ikipaza sauti, simu nayo lazima ijibu, na redio ya simu ni ndogo. Suluhisho la kweli ni kukisogeza kituo cha redio karibu na mtu. Meshi hufanya hivyo: vituo viwili au vitatu vyenye jina moja la mtandao, na simu inahama kutoka kimoja hadi kingine mtu anapotembea ndani ya nyumba.

Hata hivyo meshi peke yake haiponyi kila ugonjwa. Chukua nyumba ambayo mkutano wa video unakatika ingawa kompyuta iko hatua mbili tu kutoka kwenye ruta. Hapo mawimbi hayana hatia. Mara nyingi simu fulani iko chumba cha pili inapandisha picha na video kwenye hifadhi ya mtandaoni, na ruta dhaifu inavipanga vipande vyote vya data kwenye foleni moja ndefu. Sauti ya anayezungumza inasubiri nyuma ya mamia ya picha. Mafundi wamelijua tatizo hili kwa miaka mingi, na moja ya tiba zake, mbinu ya FQ-CoDel, ilichapishwa rasmi mwaka 2018 katika waraka RFC 8290. Mbinu hiyo huigawa foleni ili mzigo mdogo wa haraka usizuiwe na mzigo mkubwa. Inapatikana kwenye programu huria ya OpenWrt na kwenye ruta za MikroTik zenye RouterOS 7, lakini visanduku vingi vya bei nafuu havina. Ukizungusha nyumba nzima vituo vya meshi huku foleni hiyo ikibaki mlangoni, utakuwa umeisambaza kero hadi chumba cha mwisho.

Usalama nao uko upande wa ruta. Mei 2018 iligunduliwa kwamba programu hasidi ya VPNFilter ilikuwa imeingia kwenye vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi zisizopungua 54, vingi vikiwa ruta za majumbani na za ofisi ndogo, na FBI ikawaomba wamiliki wavizime na kuviwasha upya. Ruta isiyopata masasisho ni mlango usio na kitasa, hata kama mawimbi yake yanafika uani.

Kuna watakaosema seti za meshi huja na ruta ndani yake, basi kwa nini kununua mara mbili? Ni kweli, na familia isiyo na mahitaji makubwa inaweza kutosheka na seti hiyo. Lakini viwango vya redio hubadilika haraka: Wi-Fi 6 ilianza kuthibitishwa 2019, Wi-Fi 7 Januari 2024. Aliyetenganisha kazi atabadilisha vituo vya redio bila kugusa ruta, anwani wala ulinzi aliokwisha kuupanga, na siku ruta ikichoka ataibadilisha yenyewe tu. Gharama nayo si lazima ilipwe kwa mkupuo mmoja. Anza na kile kinachokuumiza. Pima kasi kompyuta ikiwa imeunganishwa kwa waya kwenye ruta, kisha pima chumba cha mbali kwa Wi-Fi. Kwenye waya pakiwa pazuri na mbali pabaya, unahitaji vituo. Pabaya kote, shughulikia ruta au laini kwanza. Na anayeishi chumba na sebule hahitaji meshi kabisa; asogeze tu kisanduku kikae katikati.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni ugumu wa kufunga. Vifaa viwili vikigawa anwani kwa wakati mmoja, printa hupotea na kamera hazionekani, kwa hiyo meshi lazima iwekwe katika hali ya kusambaza mawimbi tu, ile ambayo kwenye menyu huandikwa AP au Bridge. Uliza kabla ya kulipa, maana si kila seti inakubali: Google Wifi, kwa mfano, haiwezi kuwa na vituo vingi vya meshi ikiwa kituo chake kikuu kimewekwa katika hali ya Bridge. Katika seti nyingine, udhibiti wa matumizi ya watoto huzimika, na kazi hiyo inabidi ifanywe na ruta.

Jambo la mwisho ni waya, na hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Kituo cha meshi chenye redio moja inayopokea na kutuma kwenye chaneli ile ile hupoteza takribani nusu ya kasi kila mawimbi yanaporukia kituo kingine. Kikivutiwa kebo ya Cat 5e, kinapata hadi gigabiti moja kwa sekunde kwa umbali wa mita 100, na slabu haina la kusema. Kwa hiyo anayejenga sasa amwambie fundi umeme, kabla ya plasta, alaze bomba la waya wa mtandao kutoka sebuleni hadi kila ghorofa na kila upande wa nyumba. Kutoboa ukuta uliokwisha kupakwa rangi kutamgharimu zaidi.