Baruti Ndani ya Usukani

Mwishoni mwa Septemba 2014, polisi wa eneo la Orlando, katika jimbo la Florida nchini Marekani, waliitwa kwenye ajali ya barabarani. Dereva wa Honda Accord ya mwaka 2001, mwanamke wa makamo, alikutwa na majeraha shingoni ambayo hayakufanana na majeraha ya ajali. Yalionekana kama amechomwa kisu. Wapelelezi wa mauaji wakaanza kumtafuta muuaji. Siku chache baada ya mama huyo kufariki, barua kutoka Honda ikafika nyumbani kwake: gari lake lilikuwa miongoni mwa yanayotakiwa kurejeshwa kwa matengenezo, kwa kuwa eabegi yake ingeweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma.

Muuaji alikuwa ndani ya usukani, na waliomweka pale walikuwa wakijua tabia yake kwa miaka.

Eabegi haijazwi kwa pampu, maana hakuna pampu yenye kasi ya kutosha. Gari linapogonga kitu, mfuko unatakiwa uwe umejaa ndani ya takriban milisekunde 30, kabla kichwa cha dereva hakijaufikia usukani. Kazi hiyo hufanywa na moto. Kihisi kinapeleka umeme kwenye kopo dogo la chuma lililofichwa katikati ya usukani au nyuma ya dashibodi. Ndani ya kopo hilo kuna vidonge au visahani vya kemikali iliyoshindiliwa. Cheche inaviwasha, vinageuka gesi, gesi inatoka kwenye matundu ya kopo na mfuko unafumuka. Kila anayeendesha gari lenye eabegi ameketi mbele ya mlipuko mdogo uliopimwa kwa uangalifu, na ukipimwa vizuri ni jambo jema kabisa: idara ya usalama barabarani ya Marekani inakadiria kwamba eabegi za mbele ziliokoa maisha ya watu zaidi ya 50,000 nchini humo kati ya 1987 na 2017.

Swali ni kemikali gani iwekwe kwenye kopo. Eabegi za mwanzo zilitumia azidi ya sodiamu, ambayo ni sumu kali, hivyo katika miaka ya 1990 kila kampuni ilikuwa ikitafuta mbadala. Takata ilikuwa moja ya hizo. Ilianzishwa Japani mwaka 1933 ikisuka kamba na vitambaa, ikatengeneza kamba za maparachuti, kisha mikanda ya magari, na hatimaye ikawa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa eabegi duniani. Mbadala iliouchagua mwishowe, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulikuwa nitrati ya amonia.

Mkulima wa Afrika Mashariki anaijua kemikali hii, kwa kuwa imo katika mbolea ya CAN anayoitia shambani, ikiwa imechanganywa na chokaa ili itulie. Ikiwa peke yake na kwa wingi, ni kitu kingine. Mwaka 1947 meli iliyobeba takriban tani 2,300 za nitrati ya amonia ililipuka katika bandari ya Texas City na kuua watu wapatao 580. Mwaka 2020, tani 2,750 zilizoachwa ghalani kwa miaka ziliisambaratisha bandari ya Beirut na kuua zaidi ya watu 200. Lakini mvuto wake ulikuwa wazi: ni ya bei nafuu mno kuliko kemikali nyingine zinazofaa kwa eabegi, na inatoa gesi nyingi kwa uzito mdogo.

Udhaifu wake nao ulikuwa wazi. Nitrati ya amonia hunyonya maji kutoka hewani. Zaidi ya hapo, inapovuka nyuzi 32 za Selsiasi, kupanda au kushuka, fuwele zake hujipanga upya na ujazo wake hubadilika. Wahandisi wa Takata walilitaja tatizo hilo katika maombi yao wenyewe ya hataza miaka ya 1990, wakaongeza chumvi za kuituliza wakitumaini zingetosha. Gazeti la New York Times liliripoti baadaye kwamba wakemia wa Autoliv, kampuni hasimu yenye asili ya Sweden, walipoijaribu kemikali hiyo kopo lilipasuka vipande, nao wakakataa kuitumia ingawa walijua wangepoteza biashara. Uamuzi ule wa kukataa unastahili kukumbukwa, kwa sababu unaonyesha kwamba elimu ya kuepuka maafa haya ilikuwepo tangu mwanzo, mezani, mbele ya watu wenye mamlaka ya kuamua.

Kinachotokea ndani ya kopo kinachukua miaka. Unyevu unapenya kidogo kidogo. Mchana gari linaanikwa juani na dashibodi inapita nyuzi 60, usiku inapoa. Kisahani kinatanuka, kinasinyaa, kinatanuka tena, na kila mara kinaachwa na vijitundu vipya. Kwa macho hakijabadilika sana, lakini ugumu wake wa awali umekwisha. Na kemikali hii huungua kuanzia usoni kwenda ndani, kwa hiyo uso ukiongezeka, kasi ya moto inaongezeka. Yeyote aliyewahi kukoka moto jikoni anaelewa: gogo zima linakaa na moto hadi asubuhi, lakini gogo lilelile likichanjwa kuwa vibanzi linawaka lote kwa pamoja. Kisahani chenye vijitundu kinatoa gesi yake yote kabla haijapata nafasi ya kupita kwenye matundu ya kopo. Kopo linapasuka, na chuma chake kinapita katikati ya kitambaa cha mfuko kuelekea shingo, uso na kifua cha yule aliyetakiwa kulindwa.

Hatari hiyo haikuanzia kwenye gari. Katika kiwanda cha Takata cha Moses Lake, jimbo la Washington, mashine ya kushindilia kemikali ilikuwa na kifaa cha kukataa visahani vilivyoshindiliwa vibaya, lakini mwendeshaji aliweza kukizima kwa mkono na uzalishaji ukaendelea. Kwenye kiwanda cha Monclova, Mexico, kemikali iliachwa ikipata unyevu kabla ya kufungiwa ndani ya makopo. Kiwanda hichohicho kilikumbwa na milipuko Machi 2006 iliyojeruhi wafanyakazi na kuvunja madirisha ya majirani. Miaka kumi baadaye, Agosti 2016, lori lililokuwa limebeba shehena ya kemikali na makopo ya Takata lilipata ajali Quemado, Texas, likalipuka na kumuua mwanamke aliyekuwa nyumbani kwake. Mfanyakazi wa Monclova, mkazi wa Quemado na dereva wa Orlando hawakuwahi kukutana, na hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa kama anakubali kuishi karibu na kemikali hiyo. Mara nyingi tunazungumzia usalama wa kiwandani na usalama wa bidhaa kana kwamba ni mambo mawili. Hapa uzembe uleule ulimpata kwanza aliyeshindilia kisahani, kisha aliyeketi mbele yake.

Takata haikukosa taarifa. Mwaka 2004 eabegi ilipasuka ndani ya Honda Accord huko Alabama. Novemba 2008 Honda ilirejesha magari yapatayo 4,000. Mei 2009, huko Oklahoma, msichana wa miaka 18 akawa wa kwanza kufahamika kuuawa na eabegi hizi nchini Marekani. Wakati huo wote, ripoti za majaribio zilizopelekwa kwa kampuni za magari zilikuwa zimechezewa: matokeo mabaya yaliondolewa au kubadilishwa. Takata ilikiri kosa la ulaghai mahakamani Detroit mwaka 2017 na kukubali kulipa dola bilioni 1. Kati ya hizo, dola milioni 850 zilikuwa za kampuni za magari, milioni 25 faini, na milioni 125 ndizo zilizotengwa kwa ajili ya waliojeruhiwa na familia za waliokufa. Mgawanyo huo unauma kuusoma. Miezi michache baadaye kampuni ikafilisika.

Hadi sasa makopo yapatayo milioni 67 yameagizwa kuondolewa kwenye magari ya Marekani pekee, na duniani kote idadi inakaribia milioni 100. Mamlaka za Marekani zimethibitisha vifo 28 nchini mwao na majeruhi wasiopungua 400. Vifo vingine vimetokea Malaysia, Australia, Ufaransa na kwingineko.

Mtaalamu akitazama ramani ya vifo hivyo anaona kitu kimoja haraka. Florida, Texas na majimbo ya Ghuba ya Mexico. Malaysia. Kwa Ufaransa, visiwa vyake vya Karibiani vilihesabu wafu wengi kuliko bara. Wachunguzi walioajiriwa na kampuni kumi za magari walihitimisha mwaka 2016 kwamba mambo matatu yalikutana: nitrati ya amonia isiyo na kikausha unyevu, kopo lisiloziba vizuri, na miaka mingi ya joto linalopanda na kushuka kwenye hewa yenye unyevu. Marekani ilipopanga nani atengenezewe kwanza, ilipanga kwa hali ya hewa, na maeneo ya joto na unyevu yakatangulia. Muda nao unafanya kazi yake hata kwenye baridi: Juni 2025 mwanamke aliuawa na eabegi ya Takata ndani ya Citroën C3 mjini Reims, kaskazini mwa Ufaransa.

Sasa mtu wa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Unguja aisome tena orodha ile ya wachunguzi. Unyevu wa hewa unaopita asilimia 70 karibu mwaka mzima, jua la mchana, gari lililoegeshwa nje kwa sababu kivuli hakuna. Hiyo ndiyo hali ambayo maabara ziliiga ili kuyachakaza makopo haraka.

Na magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika. Kenya inaruhusu yenye umri usiozidi miaka minane. Bandari ya Dar es Salaam inapitisha pia yanayokwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Utafiti wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ulihesabu magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliyouzwa na Ulaya, Japani na Marekani kati ya 2015 na 2018, na soko kubwa kuliko yote lilikuwa Afrika. Baadhi ya matoleo ya Toyota Corolla na Vitz, Honda Fit, Nissan X-Trail na Subaru Impreza yamo kwenye orodha za kurejeshwa, kutegemea mwaka na kiwanda. Ni majina yaliyojaa kila maegesho kuanzia Kariakoo hadi Kisumu.

Mfumo wa kurejesha magari umejengwa juu ya barua. Kampuni inaandika kwa mmiliki aliyesajiliwa, naye analeta gari linatengenezwa bure. Japani iliongeza mkazo Mei 2018 kwa kuyanyima cheti cha ukaguzi magari yenye eabegi za hatari ambazo hazijabadilishwa. Lakini gari linalouzwa nje halihitaji tena cheti hicho, na barua haivuki bahari. Mmiliki wa pili au wa tatu, anayelisafisha kila Jumamosi uani kwake Temeke, hayumo kwenye daftari lolote la kiwanda.

Kwamba jambo hili linawezekana kudhibitiwa, Australia imeonyesha. Baada ya dereva kuuawa Sydney mwaka 2017, serikali ililazimisha kwa sheria mwaka uliofuata kurejeshwa kwa magari yapatayo milioni 3. Kufikia mwisho wa 2020 zaidi ya asilimia 99 yalikuwa yametengenezwa au kujulikana yalipo. Kwa nchi inayoagiza magari yaliyotumika, mahali rahisi zaidi pa kuuliza ni Japani kwenyewe, kabla gari halijapanda meli, ambako matengenezo ni bure na vipuri vipo. Sharti moja kwenye ukaguzi wa kabla ya usafirishaji lingetosha kulizuia gari bovu bandarini Yokohama badala ya kuliacha lifike Kilindini.

Mwenye gari naye anaweza kuanza kwa kufungua boneti. Kwenye magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, namba ya chesisi kwa kawaida huwa fupi: herufi na tarakimu za modeli, kistari, kisha tarakimu chache, kwa mfano NZE121 ikifuatiwa na namba ya gari lenyewe. Ndiyo maana tovuti ya Marekani inayotaka tarakimu na herufi 17 huikataa, na wengi hukata tamaa hapo. Namba hiyo iingizwe kwenye ukurasa wa Kijapani wa kampuni iliyotengeneza gari. Kama kuna wito ambao haujatekelezwa, utaonekana. Fundi wa mtaani asiruhusiwe kulifungua kopo wala kulipima kwa umeme, maana kulichokoa tu kunaweza kuliwasha mikononi mwake.

Kuna tundu moja ambalo hata namba ya chesisi haizibi. Mwaka 2017, Las Vegas, msichana aliyekuwa akiendesha Honda Accord ya 2002 alijeruhiwa shingoni na kopo la Takata. Familia yake haikujua kwamba eabegi ile haikuwa ya gari hilo: ilichomolewa kwenye Accord ya 2001 iliyopata ajali, ikafungwa kwenye la kwao kabla hawajalinunua. Katika eneo la Gerezani jijini Dar es Salaam na Kirinyaga Road jijini Nairobi, vipuri vilivyotumika kutoka Japani huuzwa kila siku. Anayenunua usukani kamili, eabegi ikiwa ndani yake, ana haki ya kumuuliza muuzaji umetoka kwenye gari lipi la mwaka gani, na asipopata jibu, auache dukani.