Vita vya Gaza na Wayahudi wa Ugenini

Chai ya Litein, Kericho, na ya Mogogosiek, Bomet, ikishasindikwa na kupigwa mnada Mombasa, sehemu yake kwa kawaida huelekea Misri na Uingereza kupitia Bahari ya Shamu. Mwishoni mwa 2023, vita vya Gaza vikiwa vimeanza, Wahouthi wa Yemen walianza kushambulia meli huko, wakidai kulenga zenye uhusiano na Israeli. Kampuni nyingi zikazungukia kusini mwa Afrika, na gharama ya kusafirisha mizigo ikapanda.

Mkulima wa chai wa Bomet angalau ana hasara ya mfukoni tu. Myahudi anayeishi nje ya Israeli hufuatwa na vita hivyo hadi mahali anaposali.

Hamas ilipoua watu wapatao 1,200 tarehe 7 Oktoba 2023 na kuteka 251, serikali ya Israeli ilisema inapigana ili kuivunja Hamas na kuwarudisha mateka. Je, yote mawili yangewezekana kwa mpigo? Jamaa wengi wa mateka walidai makubaliano kwanza, huku Wapalestina wakifa Gaza kwa makumi ya maelfu. Mwezi huohuo wa Oktoba, Wayahudi mamia walijaa stesheni ya Grand Central, New York, wakidai vita visimame. Novemba, umati mkubwa ukakusanyika Washington kuiunga mkono Israeli. Wayahudi hawana kauli moja. Lakini aliyeshambulia sinagogi la Heaton Park, Manchester, Oktoba 2025, Siku ya Upatanisho, hakumuuliza mtu msimamo wake. Waumini wawili walikufa.

Makanisani Kericho na Bomet, Israeli huombewa sana, na aghalabu taifa la Biblia, serikali ya leo na Myahudi wa Nairobi huchukuliwa kuwa kitu kimoja. Baadhi ya maadui wa Israeli huchanganya vivyo hivyo, ila wao huja na silaha.

Afrika Mashariki imeyaona madhara ya kuchanganya huko. Idi Amin aliwafukuza Waisraeli kutoka Uganda mwaka 1972. Abayudaya wa Mbale, Waganda wenye dini ya Kiyahudi tangu enzi za kiongozi wao wa kwanza, Semei Kakungulu, wakapigwa marufuku kuabudu. Mkesha wa mwaka mpya wa 1981, bomu lililipua hoteli ya Norfolk, Nairobi, mali ya familia ya Block, Wayahudi wa Kenya. Wengi waliliona kama kisasi kwa msaada ambao Kenya iliwapa Waisraeli waliovamia uwanja wa ndege wa Entebbe, Uganda, kuokoa mateka mwaka 1976.

Kisha Kikambala, pwani ya Kenya, 28 Novemba 2002: gari la mabomu liliingia hoteli ya Paradise iliyomilikiwa na Waisraeli, wageni wakiwa ndio wanafika. Walikufa Waisraeli 3 na Wakenya 10, wakiwemo wachezaji ngoma waliokuwa wakiwakaribisha.