Je, Wajua? Kuvu za Baharini na Uvimbe wa Ubongo

Je, wajua kwamba seftriaksoni, sindano inayochomwa kila siku katika wodi za Chato, Geita na Mwanza, ina asili ya baharini? Mwaka 1945 Giuseppe Brotzu, daktari wa mji wa Cagliari katika kisiwa cha Sardinia, alichota maji ya bahari pale mfereji wa majitaka ya mji ulipokuwa ukimwaga. Akaotesha kuvu iliyozuia bakteria wa homa ya matumbo wasikue. Alichapisha matokeo yake mwaka 1948, na wanasayansi wa Oxford, Edward Abraham na Guy Newton, wakaendelea hadi wakaichambua kemikali waliyoiita sefalosporini C. Seftriaksoni ni ya ukoo huo. Kutoka Chato hadi Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, lakini watu wengi wa huku wamekwisha kuponywa na kuvu ya baharini bila kuambiwa.

Dawa hiyohiyo hutibu homa ya uti wa mgongo, kwa sababu utando wa ubongo ukivimba huiruhusu ipite. Dawa nyingi hazipati ruhusa hiyo. Mwaka 1885 Paul Ehrlich aliona kwamba rangi ikidungwa kwenye damu ya mnyama huenea mwili mzima isipokuwa ubongo. Seli za mishipa midogo ya damu kichwani zimebanana mno, na zinasukuma nje kemikali zisizozitambua. Ulinzi huo unatufaa maisha yetu yote, ila siku uvimbe unapoota ndani, humlinda na adui.

Glioblastoma ndiyo saratani kali kuliko nyingi zinazoanzia kwenye ubongo wa mtu mzima. Mwaka 2005 utafiti mkubwa ulionyesha kwamba kuongeza vidonge vya temozolomidi kwenye matibabu ya mionzi kulisogeza muda wa kuishi, kwa kipimo cha kati, kutoka miezi 12.1 hadi 14.6. Miezi miwili na nusu! Na bado hayo ndiyo matibabu ya msingi hadi leo. Ndiyo maana watafiti wanapekua hata matope ya bahari.

Wanapekua wapi? Kuvu za baharini zilizokwisha kupewa majina zinakaribia spishi 2,000, na zinazosubiri kugunduliwa ni nyingi zaidi. Huishi ndani ya sponji, juu ya mwani, kwenye matope ya kina kirefu na katika magogo ya mikoko yanayooza. Delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki. Kwangu mimi, hiyo ni maktaba ambayo hatujafungua hata kabati la kwanza.

Je, wajua kwamba jamii ileile ya kuvu yaweza kutoa sumu au dawa? Mwaka 2016 sumukuvu katika mahindi iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Iliyotoa sumu hiyo ni jamii ya Aspergillus. Na ni Aspergillus nyingine, iliyopatikana kwenye mwani wa Halimeda, iliyotoa kemikali ya halimidi. Kutokana nayo wanakemia walitengeneza plinabulini, inayovuruga nyuzi ambazo seli huzihitaji ili igawanyike. Imejaribiwa kwa panya wenye uvimbe wa ubongo. Kwa binadamu imejaribiwa zaidi kwenye saratani ya mapafu na kwa kulinda chembe nyeupe za damu za wagonjwa wanaopewa kemotherapi. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataa kuidhinisha matumizi hayo ya pili, ikataka jaribio jingine.

Kwa hiyo anayekuuzia stendi au mnadani chupa ya "dawa ya baharini" ya uvimbe wa kichwa, anakudanganya. Hakuna dawa ya kuvu ya baharini iliyokwisha kuidhinishwa kutibu uvimbe wa ubongo. Kichwa kinachouma zaidi alfajiri na kutapika, kuona maluweluwe, upande mmoja wa mwili kulegea, kifafa kinachoanza ukubwani: hayo ni ya hospitali, na mapema.

Bahari imekwisha kutuvunja moyo pia. Marizomibi, iliyotokana na bakteria wa matope ya bahari ya Bahamas, hupenya hadi kwenye ubongo, na kila mtu aliisubiri kwa hamu. Ilijaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 700 wa glioblastoma, haikuwaongezea maisha. Karibu na kwetu, mwaka 1972 timu ya George Pettit ilikusanya konokono laini wa baharini katika maji ya Morisi, kisha ikatoa dolastatini. Ndugu wa kemikali hiyo alifungwa kwenye kingamwili inayowinda seli za glioblastoma. Jaribio lake kwa wagonjwa nalo lilisimamishwa mwaka 2019 kwa kukosa faida.

Turudi kwenye mahindi. Mwaka 1893 Mwitaliano Bartolomeo Gosio alipata fuwele za asidi ya mikofenoli kutoka kuvu ya mahindi yaliyoharibika. Leo dawa itokanayo na asidi hiyo humezwa na watu waliopandikizwa figo, upasuaji ambao Muhimbili iliuanza mwaka 2017. Na katika Chuo Kikuu cha Michigan madaktari wanaijaribu pamoja na mionzi kwa wagonjwa wa glioblastoma, kwa sababu inaikausha akiba ambayo seli ya uvimbe hutumia kujikarabati.

Je, wajua kupata dawa kama hizi kunadai malighafi kiasi gani? Mchimbaji wa Geita anajua kupasua tani ya mwamba kwa gramu chache za dhahabu. Huko New Zealand tani nzima ya sponji ilitoa takriban miligramu 300 tu za halikondrini, kemikali iliyozaa dawa ya saratani ya matiti. Shimba Hills, Kenya, mwaka 1976 zilivunwa kilo 27,215 za mti wa Maytenus kwa ajili ya majaribio ya saratani Marekani. Kuvu haidai gharama hiyo. Kipande cha gome la mkoko kisichozidi ukucha kinatosha: kuvu huoteshwa kwenye sahani ya maabara, kisha kwenye matangi, mwaka baada ya mwaka, wala hakuna mkoko wa pili unaokatwa.