Ushahidi Uliomo Ndani ya Jino la Tembo

Watu wengi huita pembe kile kitu kinachochomoza mdomoni mwa tembo. Kwa kweli ni jino: ni mojawapo ya meno mawili ya mbele ya taya la juu, nalo hukua maisha yote ya mnyama. Theluthi yake hivi imefichika ndani ya fuvu, na kwa hiyo jangili anayelitaka zima hana budi kuupasua uso wa mnyama kwa shoka. Tembo jike hubeba mimba kwa muda wa miezi 22 hivi, huzaa ndama mmoja, na kwa kawaida hupita miaka minne au zaidi kabla hajazaa tena. Kundi lililopukutishwa kwa msimu mmoja huhitaji miongo kadhaa kurudia hali yake.

Nchini Tanzania mambo yalifikia hatua ya kutisha. Katika Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa iligeuzwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, walikadiriwa tembo zaidi ya 100,000 mwaka 1976. Sensa ya mwaka 2013 iliwakuta 13,000 tu. Katika nchi nzima idadi ilishuka kutoka 109,000 hivi mwaka 2009 hadi 43,000 hivi mwaka 2014. Haya yalitokea ingawa biashara ya meno ya tembo baina ya mataifa ilikwisha kupigwa marufuku kwa azimio la mwaka 1989.

Je, ni nani aliyewaua? Mara nyingi anayekamatwa ni kijana wa kijijini aliyekutwa porini na bunduki. Huyo ana hatia yake, lakini hakuinunua bunduki hiyo kwa fedha zake, wala hajui bandari ambako meno yatapakiwa. Aliyeazima bunduki husema hakuingia porini. Dereva husema alibeba magunia asiyoyafungua. Wakala wa forodha husema alijaza hati kama alivyoelezwa. Kila mmoja humwonyesha mwenzake kidole, na aliyetoa mtaji hatajwi kabisa.

Hapa ndipo maabara inapoingia. Jino hujengwa tabaka juu ya tabaka, na ndani ya tabaka hizo husalia vinasaba, yaani maandishi ya urithi ambayo kila tembo huyapata kwa wazazi wake. Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, pamoja na wenzake, walikusanya vinyesi vya tembo kutoka sehemu nyingi za Afrika. Kinyesi hubeba chembe za utumbo wa mnyama, na chembe hizo zina vinasaba vyake. Kwa hiyo hakuna haja ya kumkamata wala kumsumbua. Kwa vinyesi hivyo walichora ramani ya urithi wa tembo wa bara hili, kisha wakailinganisha na meno yaliyokamatwa. Matokeo waliyoyatangaza mwaka 2015 yalionyesha kwamba meno mengi ya tembo wa mbuga katika shehena kubwa za miaka ya karibuni yalitoka kusini-mashariki mwa Tanzania na sehemu za Msumbiji zinazopakana nako.

Wafanyabiashara walikuwa na kisingizio kingine, kwamba meno yao ni ya zamani, yaliyowekwa ghalani kabla ya marufuku. Kaboni imekijibu. Majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliyofanywa angani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 yaliongeza sana kaboni-14 hewani, na tangu hapo kiasi chake kimekuwa kikipungua mwaka hata mwaka. Mimea huivuta, tembo huila mimea, na tabaka la mwisho la jino hubaki na alama ya mwaka aliokufa mnyama. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016, wa shehena 14 zilizokamatwa kati ya 2002 na 2014, uligundua kwamba karibu tembo wote waliopimwa walikufa katika muda usiozidi miaka mitatu kabla ya kukamatwa kwa meno yao.

Lakini ugunduzi wenye uzito zaidi ulitangazwa mwaka 2018. Tembo mmoja ana meno mawili. Wachunguzi waliona kwamba mara nyingi jino moja limo katika shehena fulani na mwenziwe yumo katika shehena nyingine, iliyokamatwa mahali pengine. Shehena hizo mbili zilikuwa zimepakiwa katika bandari moja na kwa nyakati zinazokaribiana. Maana yake ni nyepesi kuelewa: meno yote mawili yalipita katika mikono ya mtu mmoja kabla ya kutenganishwa. Mshitakiwa wa kasha moja huweza kudai kwamba ametenda kosa hilo mara moja tu. Jino pacha lililo katika kasha la pili humkanusha. Mwaka 2022 njia hiyo ilipanuliwa hadi kwa ndugu wa damu, yaani wazazi, watoto na ndugu, katika meno 4,320 ya shehena 49.

Hata hivyo vinasaba havitaji jina la mtu. Huonyesha kwamba shehena hizi zina mwenyewe mmoja, na hapo mpelelezi huanza kazi yake ya hati za mizigo, simu na akaunti za benki. Mwezi Februari 2019 mahakama ya Dar es Salaam ilimhukumu mfanyabiashara Yang Fenglan, raia wa China, pamoja na Watanzania wawili, kifungo cha miaka 15. Shitaka lao halikuwa la kumpiga risasi tembo, bali la kuongoza genge la uhalifu na kufanya biashara ya nyara za Serikali. Nayo Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 humtia hatiani yeyote anayekutwa na nyara hizo bila kibali, awe amemwona tembo huyo akiwa hai au hakumwona.